Viazi Kabla ya Kandelaria

Jumatatu, 21 Januari

Nimechoka, na mwaka ndio kwanza unaanza. Mvua tangu alfajiri. Wateja walikuja wawili, nikawafukuza. Si kwa makusudi! Mume na mke kutoka pwani, wamelowa chapachapa, wakaomba wali. Nikawaonyesha kwa upole kanuni ya nyumba, niliyoiandika mwenyewe mlangoni: hakiingii jikoni kitu ambacho hakionekani ukipanda mnara wa kanisa la Jachapata. Mpunga hauonekani. Mume akauliza, je, limau? Halionekani. Kahawa? Nayo haionekani. Mke akasema mlango wa kutokea yeye anauona vizuri tu. Wakavuka uwanja, wakaingia kwa Nazario.

Nazario Cutipa! Ni compadre wangu, kwa kuwa alimsimamia binti yetu siku ya ubatizo, na jambo hilo halifutiki tena. Ana banda la kuku wanaozunguka motoni. Kuku wanakuja kwa lori kutoka mjini. Chipsi zinakuja kwa lori. Hata saladi yake imesafiri kuliko mimi. Na banda limejaa! Akanipungia kisu chenye mafuta, akaniuliza kwa sauti ya kusikiwa na uwanja mzima: "Compadre, leo kwako wanakula nini? Hewa ya msimu?" Watu wakaangua kicheko. Jibu zuri lilinijia saa mbili baadaye, nikiosha sahani ambazo hazikuwa chafu.

Jioni Satuka, mke wangu, akaniambia mama yake amesema. Mama mkwe akisema, maneno hupitia kwa Satuka kwanza, yapoe kidogo. Leo hayakupoa. Chumba cha mgahawa ni cha mama mkwe. Amenivumilia tangu mavuno ya mwaka jana. Kandelaria, sikukuu ya Bikira ya tarehe mbili Februari, ikipita kabla mgahawa haujapata jina, chumba anampa Nazario, azungushe kuku wengine humo. Kuku! Ndani ya ukuta niliousugua kwa mikono yangu! Mimi niliyebeba sahani Lima katika hoteli ya wenye nazo, nikajifunza wakubwa wanavyokula: sahani pana, chakula kidogo, na maelezo marefu.

Jumatano, 23 Januari

Habari! Habari kubwa! Wamepiga simu kutoka mjini, wale wa Chama cha Meza za Milimani. Wanamtuma mwonjaji Alhamisi ya wiki ijayo, Bi Úrsula Bedregal. Wakikutaja hao katika orodha yao ya migahawa bora, wageni wanakuja hata kwa punda. Anataka kula cha hapa hapa na cha msimu, basi. Nikasema ndiyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kwaheri, Nazario!

Kisha nikafungua stoo.

Msimu gani, jamani? Mwisho wa Januari una nini? Viazi vya mwaka jana vimeota ndevu. Vipya bado viko ardhini, na ardhi haijaombwa. Kuna maharage makavu, jibini, dagaa wa ziwani, na gunia la chuño. Nani asiyejua chuño: viazi vya Juni, baridi ikavigandisha, sisi tukavikanyaga kwa miguu mitupu mpaka maji yakatoka yote, vikabaki vyeusi na vikavu kama changarawe. Satuka akasema nimpikie Bi Úrsula supu ya chuño kama mama yake anavyoipika. Nikacheka kwa uchungu. Mwanamke apande milima yote hii aje ale chakula cha mchunga kondoo? Nikamweleza kwamba chuño kinakaa miaka kumi, na kitu cha miaka kumi hakina msimu. Akasema njaa nayo haina msimu, akaenda kulala. Wanawake wa ukoo huu hawajui mambo ya meza.

Ijumaa, 25 Januari

Nimepata wazo. Limekuja lenyewe, nikipita kwenye shamba la Bikira, lile tunalolima wote kwa ajili ya karamu ya Kandelaria. Viazi vimetoa maua ya zambarau. Na chini ya maua kuna nini? Viazi vichanga! Ukubwa wa kidole gumba, ganda jembamba hata halihitaji kumenywa. Hakuna mgahawa milimani kote wenye viazi hivyo sasa.

Najua, najua. Ardhi haifunguliwi kabla ya Kandelaria. Sasa hivi ina mimba, na mwenye mimba hasumbuliwi. Tarehe mbili tunakwenda wote kwa filimbi na ngoma, tunaiomba, tunachimba mashina machache, na pale tulipotoa kiazi tunaweka tunda la membrillo ili shimo lisibaki na njaa. Babu yangu alinifundisha hayo. Lakini babu yangu hakuwahi kupigiwa simu na Chama cha Meza za Milimani. Na shamba la Bikira ni la wote. Mimi ni mmoja wa wote. Wizi uko wapi?

Tatizo ni membrillo, hayaoti huku. Mama mkwe ameagiza ya sikukuu kutoka bondeni, yako kikapuni chini ya kitanda chake. Kila tunda amelifunga kwa kipande cha kitambaa lisichubuke.

Jumapili, 27 Januari

Nimefanya! Mchana kweupe, wakati kijiji kizima kiko kanisani kikijaribu filimbi za sikukuu. Nilipiga magoti kwa adabu zote. Nikatoa majani ya koka. Nikamwaga pombe kali kidogo, nyingine nikainywa mwenyewe. Maneno ya babu ni marefu mno na katikati nilisahau, kwa hiyo nikayafupisha. Nikasema, Mama Ardhi, samahani, ni dharura ya kikazi.

Na vikatoka! Vyekundu, vya bluu, vingine vyeupe na jicho la waridi. Nakiri machozi yalinilengalenga. Tangu nirudi kutoka Lima sijawahi kushika kitu kizuri namna ile. Katika kila shimo nikaweka membrillo la mama mkwe, nikaliacha na kitambaa chake kwa heshima zaidi. Meza bila kitambaa si meza.

Aliyeniona ni punda peke yake. Punda hatoi ushahidi.

Viazi vimelala ndani ya gunia la chuño. Hapo hakuna atakayetafuta kitu kizuri.

Jumatatu, 28 Januari

Mvua ya mawe.

Ilianza mchana, wingu jeusi limetoka ziwani moja kwa moja kama lililotumwa. Mlinzi wa mashamba mwaka huu ni Nazario, zamu imemwangukia. Kazi yake ni kukaa kwenye kibanda cha mlimani na kulifyatulia wingu fataki mpaka ligeuze njia. Alifyatua zote alizokuwa nazo. Wingu halikujali. Mawe kama mayai ya njiwa! Yalipokoma, upande wa Chakapata, penye mashamba yetu, ulikuwa mweupe, na maharage yamebaki vijiti. Bi Eulogia Jinchuña, mjane, alikaa kwenye tuta la viazi vyake vilivyopondwa, shali kichwani. Nikajisikia vibaya. Vibaya sana.

Kisha nikakumbuka kwamba mawe yakianguka wa kwanza kuulizwa ni mlinzi. Nikasikia nafuu.

Jumanne, 29 Januari

Mkutano katika uwanja wa shule. Nazario alisimamishwa mbele, masharubu yameungua upande mmoja kwa fataki. Mzee Calixto, mwenyekiti wetu, akamuuliza kama alilala. Hakulala. Alikunywa? Hakunywa. Nilikuwa nimeapa kunyamaza. Lakini ulimi! Nikasimama, nikasema mtu anayeshinda akitazama kuku wakizunguka, shingo yake imezoea kuzunguka, haiwezi tena kutazama juu. Vicheko! Hata Mzee Calixto aliziba mdomo. Tangu nizaliwe sijawahi kusema sentensi nzuri kama ile.

Nazario akangoja watu wanyamaze. Akasema, bila hasira, kwamba wingu haliji bila kuitwa. Labda kuna mtu amefungua ardhi kabla ya siku yake. Tuyatembelee mashamba, tuangalie.

Nikaona wanatazamana. Mtu mwenye hatia angenyamaza, kwa hiyo nikaliunga mkono wazo hilo kwa nguvu, tena mara mbili. Satuka akanitazama. Nadhani nilizidisha.

Jumatano, 30 Januari

Mpango wa leo ulikuwa safi. Nikajitolea kukagua shamba la Bikira peke yangu. Naingia, natoa membrillo, nasawazisha udongo, natoka na sura ya huzuni. Nani angelikataa jambo hilo? Nazario. Akasema hawezi kumwacha compadre wake akahangaike peke yake kwenye matope. Wema wa mtu huyu utaniua.

Tukatembea tuta kwa tuta. Nilipofika mahali penyewe nikasimama juu yake, nikasema huku kuko salama, twende zetu. Hakuondoka. Nikajiangusha, nikashika goti, nikalia kwamba mguu umeteguka, anibebe haraka. Akaniinua kwa kwapa kama gunia. Na pale nilipokuwa nimekalia, udongo uliooshwa na mvua ulikuwa umefunguka, na kitambaa kimechungulia. Kijani, chenye maua ya manjano.

Niseme nini kuhusu kitambaa hicho? Jachapata nzima inakijua. Ni ile sketi pana ambayo mama mkwe aliichezea ngoma za Kandelaria ujanani mpaka ikachanika, kisha akaikata vipande. Nazario akafungua kitambaa, akaona membrillo, akanigeukia. Akauliza taratibu, compadre, hii si sketi ya mama mkwe wako? Nikasema, Mungu anisamehe, kwamba mabibi wenye sketi ni wengi.

Sasa kijiji kinasema mama mkwe ndiye aliyeita mawe. Mama Hilaria, ambaye hajawahi kukosa kuiombea mbegu! Wamemwita ajieleze Jumamosi, mbele ya wote. Nilipofika nyumbani nikamkuta ameinama, anavuta kikapu kutoka chini ya kitanda. Akakipima kwa mkono. Akanitazama. Safari hii Satuka hakuwa na la kunitafsiria.

Alhamisi, 31 Januari

Nimeamua kuendelea. Mgahawa ukitajwa, yote yatasameheka. Mshindi haulizwi.

Nilimtazamia mwanamke mrefu mwenye glovu. Amekuja mfupi, buti za mvua, matope mpaka magotini, akaomba kwanza mahali pa kukausha soksi. Nikatandika meza. Nikaleta bamba la jiwe, juu yake viazi vitatu, chembe za jibini, majani ya kando ya ziwa, na moshi wa samadi ya llama chini ya bakuli la kioo. Nikafunua. Moshi ukapaa! Bi Úrsula akatabasamu. Nikaiona sura yangu katika magazeti.

Akachukua kiazi, akakigeuzageuza kwenye mwanga. Akauliza kwa upole, huku kwenu mmeshaomba ardhi? Nikasema huku kwetu tunawahi kidogo, ni mambo ya hali ya hewa. Akauliza kama mawe yalianguka. Nikasema, ee, machache. Akaweka uma chini.

Bibi yake, akasema, ni wa ng'ambo ya ziwa. Angethubutu kufukua kiazi kabla ya Kandelaria, bibi huyo angemlaza na nguruwe mpaka sikukuu ipite. Majiko mengi yamejaribu kumdanganya kwa vyakula vya kwenye friji, hayo ameyazoea. Hili la leo hajalizoea. Hataki hata kulionja, asije akaingia katika deni lisilo lake. Akanusa hewa, akauliza: hicho kinachonukia vizuri jikoni ni nini? Si supu ya chuño? Angefurahi kuipata.

Ilikuwa supu ya Satuka, chakula chetu cha mchana. Sufuria nzima.

Nikasema, kichwa juu, kwamba mgahawa huu hautoi kitu kisicho cha msimu.

Kwa nini nilisema hivyo? Sijui. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Akanishukuru, akavaa soksi mbichi, akavuka uwanja. Robo kuku na chipsi, kwa Nazario. Nilimwona kupitia dirishani. Alilamba vidole, tena vyote.

Satuka akaniuliza ilikuwaje nisimpe supu. Nikamjibu kwamba mtu lazima awe na msimamo. Akatia supu kwenye bakuli moja tu, akala peke yake.

Ijumaa, 1 Februari

Nimechoka. Kila mfupa. Siku za mwizi ni arobaini, wanasema. Zangu hata wiki hazikutimia.

Wazo la asubuhi: kuvirudisha viazi vilivyobaki shambani na kuvizika, kama vile havijawahi kutoka. Mama mkwe ameketi kwenye kizingiti cha mlango akisokota sufu. Wazo la mchana: kutorokea kwa dada yangu. Mama mkwe bado yuko kizingitini. Wazo la jioni: kuugua. Nikalala, nikakohoa. Satuka akaniletea chai ya majani machungu, akasema ninywe nipone, kesho kuna watu wengi wanataka kuniona. Kumbe wanajua.

Jumamosi, 2 Februari. Kandelaria.

Filimbi tangu kunakucha. Mashina ya viazi yamevishwa karatasi za rangi. Mvua imepumzika. Siku nzuri kabisa ya kuaibika.

Mama mkwe alisimama katikati ya shamba la Bikira, amevaa sketi mpya. Akasema ndiyo, kitambaa ni chake na membrillo ni yake. Upumbavu tu ndio si wake, huo uliingia nyumbani kwa njia ya ndoa. Akanielekeza kwa kidevu. Nilingoja kicheko. Kicheko ningekiweza. Hakuna aliyecheka, kwa sababu Bi Eulogia alikuwa amesogea mbele. Akasema hana hasira na mtu, mawingu huja, hata mumewe aliwahi kupoteza shamba. Anauliza tu, Agosti ikifika yeye atakula nini? Akaniuliza mimi. Si kwa kunisuta. Aliuliza kana kwamba mtu aliyefanya kazi Lima angeweza kujua.

Niliona haya. Naandika hivyo hivyo: niliona haya mpaka masikio yakauma.

Basi nikapiga magoti. Nikabusu viazi vipya, nikabusu vya zamani, nikavikutanisha kama desturi inavyotaka. Nikaomba msamaha kwa maneno yote ya babu bila kufupisha, Mzee Calixto akinitajia neno moja moja kama mtoto wa ubatizo. Yakaisha. Hukumu: nitalima katika kila shamba lililopigwa mawe, nikianza kwa Bi Eulogia, mpaka mavuno.

Kisha mama mkwe akaja, akaingiza mkono katika mfuko wa aproni yangu, akatoa ufunguo wa chumba. Akampa Nazario pale pale. Nilijiandaa kwa tambo zake. Nazario akaupokea kwa mikono miwili, akatazama chini, akasema: pole, compadre. Mshenzi! Angecheka ningekuwa na kitu cha kushika. Amenichukulia hata hicho.

Jumatano, 6 Februari

Mgongo umekatika vipande viwili, nusu moja haizungumzi na nyingine. Nimeshinda tena kwa Bi Eulogia nikipandisha udongo kwenye mashina yaliyovunjika. Kuku wanazunguka katika chumba changu tangu Jumatatu. Satuka amekubaliana na Nazario, ameweka sufuria ya chuño hapo mlangoni, na kabla ya adhuhuri imekwisha. Kwa hasira sikuionja. Jana nikaionja. Ni nzuri, lakini haina maelezo.

Mchana Bi Eulogia alikwenda kuniletea chakula. Jembe likagonga shina lililokufa, na viazi vikaruka juu. Vidogo! Mawe yalipovunja majani, viazi navyo viliacha kukua, vikabaki kama zabibu. Nikang'ata kimoja kibichi. Nilijizuia nisipige kelele. Ladha kama njugu mbichi!

Nimewaza. Bi Úrsula si mwonjaji peke yake duniani. Wakati wa kanivali watapita wengine, wageni wasio na bibi ng'ambo ya ziwa. Meza moja inatosha, hata kibarazani kwa mama mkwe, nitamweleza. Na chakula hiki kina jina tayari: Watoto wa Mvua ya Mawe. Kina ardhi, kina mbingu, kina masikitiko. Hakuna mgahawa wenye masikitiko kama yangu! Tena Kandelaria imepita, ardhi imeombwa, mimi mwenyewe nimeiomba kwa magoti. Dhambi haipo. Ni kweli kwamba ni vya Bi Eulogia. Lakini vidogo hivi, atavikosa kweli?

Nikajaza mifuko yote miwili. Bi Eulogia akarudi na maharage ya kuchemsha, amenitilia mengi kuliko aliyojitilia yeye. Akaniambia kula, baba, umechoka. Nikala. Nilikuwa nimechoka kweli.

Sasa hivi kumetanda upande wa ziwa, na Nazario ameanza kufyatua fataki zake. Anazifyatua chini mno. Mtu huyu kazi haijui, nimesema tangu mwanzo. Mawe yakianguka tena, lawama ni yake.